Rangi ya Majirani

"Cheka, wifi," aliniambia wifi yangu bila kunigeukia. "Wanatuangalia."

Tulikuwa tumesimama nje ya geti lake, mabegi bado mikononi, vumbi la safari limetuganda hadi kwenye kope. Nyumba tuliyoiacha siku mbili kabla ilikuwa ya kijivu, imechoka, ina michirizi ya mvua chini ya madirisha kama uso wa mtu aliyelia asijifute. Tuliyoikuta ilikuwa nyeupe. Mabati ya mbele, yaliyokuwa yakipiga kelele kila upepo ukivuma, yalikuwa yametulia. Geti lililozoea kuning'inia kwa bawaba moja lilisimama wima kama askari. Vioo vilivyopasuka vilikuwa vimebadilishwa. Na kwenye ukuta wa mbele, kuanzia pembe ya dirisha la sebuleni hadi chini kwenye msingi, pale palipokuwa na ufa ambao kiganja changu kiliweza kuingia, hapakuwa na kitu. Ukuta ulikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga.

Majirani walikuwa wamesimama kwenye ngazi, rangi hadi kwenye nyusi, wakijizuia kucheka kama watoto waliomfichia mama yao zawadi.

Basi nikacheka. Wifi naye akacheka, akaweka begi chini, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili na kuwaendea. Aliwakumbatia mmoja mmoja, wala hakulijali gauni lake la safari. Alipogeuka kunitazama alikuwa na alama nyeupe za viganja vya watu mabegani na mgongoni, na macho yake yamejaa machozi. Wao waliyaona kuwa ya furaha. Pale uani, mimi peke yangu nilijua ni ya nini.

Mthamini wa benki alikuwa anakuja kesho yake asubuhi.

*

Wifi yangu alikuwa mke wa kaka yangu mkubwa. Tangu siku alipoingia kwetu tulikuwa watu wa kutaniana. Mimi nilimwambia alikuja kwetu kwa sababu kwao walishamchoka. Yeye aliniambia kaka yangu ndiye kitu pekee cha maana alichozaa mama yetu, mimi niliumbwa kwa mabaki. Nilipofanyiwa upasuaji wa tumbo nikawa siwezi hata kuinama, alikuja kuniogesha kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, bila kuombwa na mtu. "Pona upesi, wifi," alikuwa akisema huku akinimwagia maji ya uvuguvugu. "Nimechoka kusugua mgongo mbaya." Maji hayakuwahi kuwa ya moto mno, wala hayakuwahi kuwa ya baridi.

Kaka alikuwa fundi mwashi. Aliwajengea watu nyumba miaka nenda miaka rudi, huku yeye mwenyewe akipanga vyumba viwili. Mwishowe akachukua mkopo benki, akaweka rehani kiwanja pamoja na nyumba itakayosimama juu yake, akaanza kujenga ya kwake jioni na siku za mapumziko. Wifi alikuwa mpishi wa kantini katika kiwanda cha matairi. Akitoka kazini alipitia pale moja kwa moja, akafunga kitambaa kichwani, akampitishia mumewe matofali. Walipiga lipu, wakaezeka, wakahamia kabla ya kupaka rangi, maana kaka alikuwa ameanza kukohoa na alitaka kulala angalau mara chache chini ya dari yake. Alilala humo miezi michache tu. Akafia katika chumba cha upande wa mashariki, chumba alichokisifu kuliko vyote kwa kuwa jua lilikuwa likimwamsha.

Ule ufa ulitokea msimu wa mvua uliofuata. Nilimwambia wifi tutafute fundi auzibe. Akanijibu kwamba mwenye kazi yake atakuja kuimalizia mwenyewe. Akacheka, nami nikacheka, na hatukuizungumza tena habari hiyo.

Mkopo aliendelea kuulipa kwa mshahara wa kantini. Alijinyima vingi, lakini benki hakuikosesha.

Kisha uchumi ukaanguka. Sisi watu wa kawaida hatukujua uchumi unaangukaje. Tulichoona ni kwamba malori yaliyokuwa yakibeba matairi yalianza kupita mtaani matupu, halafu hayakupita kabisa. Kantini ikapunguza sufuria. Siku moja king'ora cha kiwanda hakikulia asubuhi, na watu wakachelewa kuamka, kisha wakakumbuka hakuna kinachowasubiri. Karibu kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na mkopo, kwa sababu ile mishahara ya kiwandani ndiyo iliyowapa watu ujasiri wa kukopa. Barua za benki zikaanza kuja. Mpeleka barua, mtu aliyezoea kuwaita watu kwa mbwembwe tangu mwanzo wa barabara, alianza kubisha hodi kwa sauti ya chini na kuikabidhi bahasha akiwa ameigeuza, ule upande wenye nembo ukiwa chini, ili jirani asione. Sijamsahau kwa hilo.

Nyumba ya kwanza iliponadiwa, watu walitoka nje kuangalia. Ya pili iliponadiwa, walijifungia ndani.

*

Nyuma ya duka la dawa palikuwa na chumba kidogo, na humo ndimo alimofungua ofisi yake ya ushauri mwanasheria mmoja mwanamke, kijana wa kuweza kuwa binti yangu. Hakutoza mtu chochote. Alikuwa na mafua yasiyoisha na leso aliyoichomeka kwenye mkono wa blauzi. Aliwaambia watu kitu kimoja tu, tena kila siku: anayekwenda benki mapema na kusema nina uwezo wa kulipa kiasi hiki kila mwezi, mara nyingi husikilizwa, anayejificha ndiye anayenadiwa.

Watu walikubali kwa vichwa, lakini miguu ilikataa. Waliiogopa benki kuliko hospitali. Mmoja alifika hadi mlangoni, mlinzi akamfungulia kwa heshima zote, yeye akaona aibu na kuuliza njia ya kwenda sokoni.

Hapo ndipo wifi alipoleta wazo lake. Alisema mtu akifiwa hatumwachi peke yake, akijifungua hatumwachi peke yake, sasa kwa nini huko benki, kwenye kiti kile kigumu mbele ya meza ile kubwa, tumpeleke mtu kama kuku wa kuchinjwa? Tangu siku ile hakuna aliyekwenda benki bila mtu wa kukaa naye. Msindikizaji hakuwa na la kusema. Kazi yake ilikuwa kukaa tu, amvalie mwenzake nguo safi, na kuonyesha kwamba huyu ana watu.

Lakini wifi hakukaa tu. Chini ya meza, alikuwa na mguu. Mtu akianza kulialia kupita kiasi alimkanyaga mara moja, maana yake nyamaza. Akigoma kusema alimkanyaga mara mbili, maana yake sema. Mpaka rangi wetu, kijana tuliyekuwa tukimwita Brashi, alipofika mbele ya meneja ulimi wake uligeuka jiwe. Wifi alimkanyaga mara mbili. Kimya. Akamkanyaga tena kwa kisigino, na Brashi akayatoa yote kwa pumzi moja: watoto, kazi zilizokauka, kiasi anachoweza. Benki ikamwongezea miaka ya kulipa na kumpunguzia marejesho ya kila mwezi. Nyumba yake ikapona. Alirudi mtaani akichechemea, akimwambia kila aliyekutana naye kwamba amevunjwa kidole na kuponywa moyo siku moja. Tangu hapo akamwita wifi Mama Kisigino, na jina likashika.

Walipona wengi. Mama Pacha alipona, yule mjane wa watoto mapacha aliyekuwa akiuza maandazi kwenye kona. Dereva mmoja wa malori alipona. Wote waliketi kwenye kile kiti na wifi kando yao. Na kila tulipomuuliza, na yako je, alisema yake inajua kusubiri.

Haikujua. Barua ya mnada ilipokuja, aliileta kwangu ikiwa imefunguliwa, akaketi, akaomba chai. Akaniambia, "Leo mimi ndiye wa kusindikizwa."

*

Mwanasheria aliongea na benki, na benki ikasema kabla ya kuamua itatuma mthamini aje kuipima nyumba ina thamani gani. Alituita mimi na wifi ofisini kwake, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

Alituambia tusikilize vizuri. Benki inajumlisha deni na gharama za mnada, halafu inaangalia nyumba itauzwa kwa bei gani. Ikiona haitapata cha kuizidi hesabu hiyo, haina haja ya kuiuza. Itamwacha mwenye nyumba alipe polepole. Ikiona nyumba inauzika kwa bei nzuri, itaiuza, hata ulie vipi.

"Kwa hiyo mthamini akija, mama, mwacheni aione kama ilivyo," alisema. "Mabati ayaone. Geti alione. Na ule ufa, msiweke hata kabati mbele yake."

Wifi aliangalia mikono yake. "Ina maana ubovu wake ndio utakaoniokoa."

Mwanasheria alitoa leso, akajifuta pua taratibu kuliko ilivyohitajika. "Kwa nyumba hii, ndiyo, mama."

Tulipokaribia nyumbani, wifi akaniomba nisimwambie mtu. Hakutaka isemwe mtaani kwamba nyumba ya fundi yule imenusurika kwa kuwa mbovu. Nikamkubalia bila kusita. Fundi yule alikuwa kaka yangu.

Wakati ule ule, muuguzi mmoja mstaafu alikuja kuomba wa kumsindikiza. Benki yake ilikuwa mji mwingine, safari ya kulala. Nilimwambia wifi apumzike, mthamini anakuja juma hilo hilo, mwingine ataenda. Akasema huyu mama ametuomba sisi, na sisi tunarudi siku moja kabla, kuna nini? Tukaenda wote watatu. Muuguzi alisikilizwa. Akatushika mikono nje ya benki. Tukiwa njiani kurudi, wifi alilala begani kwangu, mdomo wazi, kama mtu aliyefanya kazi yake yote.

*

Mama Pacha ndiye aliyetusimulia jinsi mambo yalivyokuwa, akiongea haraka haraka, akinionyesha huku na kule. Walisikia mgeni wa benki anakuja. Wakakaa, wakasema hatakuja mtu mkubwa namna hiyo amkute Mama Kisigino katika hali ile, aseme huyu ameshakata tamaa na nyumba yake, ichukueni. Yeye aliwasindikiza wote. Sasa wao wamsindikize kwa mikono. Dereva alikwenda kutafuta saruji kwa watu anaowafahamu. Mama Pacha hakuchoma maandazi siku zote mbili. Alisugua sakafu kwa magoti. Rangi ilitoka kwa Brashi. Ilikuwa ya nyumba yake mwenyewe, aliyoiweka chini ya kitanda tangu zama za kazi.

Brashi alimshika wifi mkono, akampeleka kwenye ukuta wa mbele. Alimweleza alivyoufukua ufa ule hadi mwisho wake, akaushona kwa waya, akaushindilia, akausawazisha.

"Hautafunguka tena, mama, mimi nikiwa hai."

Wifi aliweka kiganja ukutani. Alikiacha pale kwa muda mrefu.

"Kazi safi," alisema. "Kazi safi kabisa, mwanangu."

Niliwaacha wakinywa chai, nikatoka kwa mlango wa nyuma na kwenda kwa mwanasheria, nusu nikitembea nusu nikikimbia, mimi na miguu yangu hii. Aliponisikia alikaa chini. Alijaribu kuipigia benki simu tarehe isogezwe mbele; wakamwambia mthamini ameshapangiwa. Alirudisha simu mahali pake akashika kichwa.

"Sikuwahi kufikiria," alisema. "Nani anapaka rangi nyumba inayotaka kuchukuliwa?"

"Sisi," nikamwambia.

Akanitazama, na macho yake yakawa mekundu, nikajua si mafua. Kisha akaniambia njia iliyobaki. Tumwambie mthamini waziwazi. Tumwonyeshe mahali ufa ulipokuwa, tumwambie umezibwa jana, tumwambie mabati yamepigiliwa juu ya mbao zilizooza. Akishaambiwa, hana budi kuandika. Wifi aseme tu. Kusema kwenyewe kunatosha.

Nilirudi nikamkuta wifi jikoni, peke yake, anaosha vikombe vya watu. Nikamweleza. Alisikiliza huku akisuuza kikombe kile kile. Nikamwambia, kama unaogopa kuwaudhi, tuwaambie leo ukweli wote, wataelewa, hawa ni watu wetu.

"Waelewe nini?" aliniuliza. "Kwamba wamenitoa ndani ya nyumba yangu kwa mikono yao?" Akakifuta kikombe, akakitundika. "Brashi akilijua hilo hatashika tena brashi. Acha. Kesho nitamwambia yule mgeni, pembeni, wawili tu. Wao hawatakuwepo."

Nililala nikiamini hivyo.

*

Asubuhi wote walikuwepo.

Nilipofika niliwakuta barazani. Mama Pacha amevaa gauni lake la kwendea kwenye shughuli. Dereva amenyoa ndevu. Brashi amevaa shati jeupe ambalo bila shaka halikuwa lake, maana mikono ilimfikia vidoleni. Niliwaambia kwa upole hapakuwa na haja, waende wakapumzike. Mama Pacha alinishangaa.

"Dada, unasema nini? Sisi hatumwachi mtu akae peke yake. Si yeye mwenyewe aliyetufundisha?"

Mthamini alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye kalamu sikioni. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alipoona sakafu ilivyong'aa alivua viatu mlangoni, ingawa wifi alimwambia asijisumbue, akaingia kwa soksi. Alipima vyumba kwa futi yake ya mkanda, Brashi akimshikia ncha ya pili. Aligonga kuta kwa fundo la kidole. Alipofika chumba cha mashariki alisimama pembeni, akafumba jicho moja, akaangalia ukuta kutoka juu hadi chini.

"Nani alijenga hapa?" aliuliza.

Wifi akasema ni mume wake, marehemu.

"Alikuwa fundi hasa," alisema mthamini. Hakuwa anasema na mtu, alisema kama watu wa kazi wanavyosema mbele ya kazi nzuri. "Pembe zote zimekaa sawasawa. Siku hizi hazipatikani pembe kama hizi."

Nilimtazama wifi. Tangu tumzike kaka sikuwa nimeuona uso ule. Ulifunguka wote, ukawa uso wa yule msichana aliyepitisha matofali jioni, kitambaa kichwani. Alishika fremu ya mlango. Nilihisi moyo wangu nao unapanda, maana kaka yangu alijenga miaka yote ile, na sikumbuki aliyewahi kuja na kalamu kumsifu.

Tukatoka nje. Mthamini alizunguka nyumba, akaja kwenye ukuta wa mbele. Akapitisha kiganja pale pale. Akanusa vidole.

"Hapa mmerekebisha karibuni?"

Jua lilikuwa limeshatoka na lilipiga juu ya weupe ule hadi tukakunja nyuso. Brashi alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, mikono mgongoni, kidevu juu, anasubiri. Namna alivyosimama! Kama mtoto aliyepeleka daftari kwa mwalimu na anajua amepata zote. Nilimwangalia wifi. Nikaona midomo yake imebana, nikaona hatasema, nikaona nyumba inaondoka. Nikafungua kinywa.

"Hapo palikuwa na..."

Alikuwa mbali na mguu wangu. Basi alitumia sauti, ile laini aliyoniogeshea.

"Wifi, mletee mgeni maji ya kunywa."

Nikamtazama. Akanitazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake, wala ombi. Alikuwa ameshafika mahali, ananisubiri tu nifike.

Nikageuka, nikaingia ndani. Kutoka jikoni nilimsikia akisema, kwa furaha ambayo mtu mwingine yeyote angeiamini, kwamba wamepaka rangi kidogo tu, na kwamba fundi wao ni huyu hapa. Nikasikia mthamini akimpongeza Brashi, kisha kicheko cha Brashi, cha aibu aibu. Glasi niliyokuwa nayo ilishajaa zamani. Maji yalinimwagikia mkononi, yakanilowesha hadi kwenye kiwiko, na mimi nimesimama.

Nimewahi kujiuliza alifanya vile kwa ajili ya Brashi au kwa ajili ya kaka. Kusema ufa ulikuwepo kungemvua Brashi nguo mbele ya watu. Kungemvua na kaka pia, dakika chache tu baada ya kusifiwa. Sikuwahi kumuuliza. Nafikiri hata yeye hakuvitenganisha.

*

Mthamini aliandika alichokiona. Benki haikupoteza muda. Mnada ulipotangazwa, mnunuzi alikuwa ameshakuja kuiangalia nyumba mara mbili na mkewe. Mwanasheria alipigana. Alikwenda benki hadi mlinzi akawa anamwekea kiti. Alileta barua, akaomba ipimwe upya, akalia mbele ya meneja, jambo ambalo aliniambia anaona haya nalo. Nilimwambia asione.

Mtaa mzima uliilaani benki. Walisema haina moyo, haina macho, kwamba hata baada ya kazi yote ile imeshindwa kumhurumia mjane. Siku ya kuhama walikuja kubeba vyombo. Brashi alibeba kitanda peke yake, akakataa kusaidiwa. Alipomaliza alikuja akasimama mbele ya wifi, mtu mzima yule, akalia bila kujificha.

"Nilipaka mkono mmoja tu, mama. Rangi iliniishia. Labda ningeipaka mara mbili wangeona haya kuichukua."

Nilienda kujishughulisha na kamba za lori.

Nilimsikia wifi akimwambia kwamba alipaka vizuri sana. Akamwambia wengi hutoka kwenye nyumba zilizochakaa, lakini yeye anatoka kwenye nyumba nzuri, tena kila mtu ameiona, na ni yeye Brashi aliyempa hilo. Kisha akamfuta uso kwa ncha ya khanga, kwa kuusugua, kama anavyofutwa mtoto.

Nilimwomba akae kwangu. Chumba kilikuwepo. Alikataa, akasema dirisha langu linatazama mahali asipoweza kupatazama. Akaenda kwa binti yake, mbali, kwenye ghorofa ya tatu, ambako ardhi unaiangalia kutoka juu.

Huko nilimtembelea mara mbili. Mara ya pili alikuwa amepungua mno, na binti yake alinipokea mlangoni kwa macho ya kunitayarisha. "Shangazi, asubuhi amekuulizia," aliniambia. Nikamkuta amekaa kitandani na mito mgongoni. Akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema kumbe uzuri nao unaweza kuisha hata kwa mtu ambaye hakuwa nao. Tukacheka hadi akakohoa.

Aliuliza habari za mtu mmoja mmoja. Mapacha wameoa? Muuguzi bado anatembea? Nikamjibu yote. Brashi alimwacha mwisho. Nikamwambia hajambo, kazi zimerudi, amepewa madarasa ya shule nzima kuyapaka rangi, na ana vijana wawili anaowafundisha.

"Hajajua?"

"Hajajua."

Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Nikadhani amelala. Nilikuwa nimeanza kumvutia shuka miguuni aliposema, macho yamefumbwa vilevile:

"Siku ile ulikawia na maji."

Nikamwambia nilikuwa nasubiri aniite nimalizie nililoanza kusema.

"Nilijua," alisema. Kisha akapaza sauti kidogo, akamwambia binti yake aniandalie chakula, maana nimetoka mbali.